Udi Wangu na Nyuki wa Kyambura

Nilitoka Kampala kwa sababu ya mdomo wa Hajati Salama. Sifichi. Hajati ni jirani yangu hapa Old Kampala, ukuta kwa ukuta, miaka arobaini sasa, na tumegombana na kupatana mara nyingi kuliko mume na mke. Siku ile tulikuwa tunachambua mchele wa maulidi ya mtaa, wanawake kama kumi tumekaa mkekani, akaniuliza mbele ya wote: "Eti Mama Yusufu, yule Zaitun wako aliyesoma mpaka chuo kikuu, ni kweli anachunga nyani?"

Wanawake wakacheka. Mimi nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele, na mchele mzuri nao nikautupa.

Zaitun ni mjukuu wangu. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu, tukamlea mimi na marehemu babu yake, askari polisi kutoka kaskazini, mtu wa viatu vya kung'aa. Mimi shule niliiachia darasa la nne. Kwa hiyo kila cheti alichopata yule mtoto nilikitia kwenye fremu, nikakitundika sebuleni mpaka ukuta ukajaa. Halafu akaenda kufanya kazi mbali, huko magharibi njia ya Kasese, kuongoza wageni ndani ya korongo lenye mto na msitu na sokwe. Kwenye simu aliniambia yuko kwenye majaribio, na mkubwa wake ndiye atakayesema kama anabaki au anafunga virago.

"Hachungi nyani," nikamwambia Hajati. "Ni sokwe. Na nitakwenda mwenyewe, nione kwa macho yangu, nirudi nikuambie anachunga nini."

Nilisema kwa hasira. Lakini mimi nikishasema, nimesema.

Jioni kabla ya safari nilijitengeneza kama tunavyojitengeneza sisi tukienda mahali pa heshima. Babu zangu walitoka pwani na misafara ya biashara, wakaacha mifupa yao hapa Kampala, lakini udi hawakuuacha. Nikawasha mkaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikafunika kwa tenga, nikatandaza nguo juu yake moja moja: gauni, baibui, mtandio, hata soksi. Nywele nazo nikazifukiza. Mwisho nikajipaka mafuta ya waridi shingoni na nyuma ya masikio. Mwanamke wa kwetu hafiki ugenini akinuka basi. Harufu yake inatangulia, yeye anafuata.

Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya sala, basi likaondoka. Nilikuwa nimepakata kikapu cha sambusa na kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi anazopenda Zaitun. Kondakta alipofika kwenye kiti changu alisimama, akavuta pumzi.

"Banange! Nani amepanda na arusi?"

"Mimi," nikamjibu. "Na bibi arusi ni mimi. Kata tiketi uende."

Abiria wakacheka, na mimi nikajiona nimeanza safari vizuri.

Kabla ya saa tatu tulipita Kayabwe, pale panapopita mstari wa Ikweta. Wazungu walikuwa wanapiga picha, mguu mmoja upande huu wa dunia, mguu mmoja upande ule. Nimepita pale mara nyingi maishani na sijawahi kuona tofauti ya vumbi la huku na la kule. Lukaya basi likasimama, wauzaji wakaja madirishani mbio na mishikaki na kuku na gonja. Mimi nikachukua gonja peke yake. Ndizi haina haja ya kuuliza nani amechinja.

Mchana tukaikuta Mbarara, ng'ombe wenye pembe ndefu kama mikono ya mtu anayeomba dua. Baada ya Ishaka ikaja chai, vilima na vilima vya chai, kijani mpaka macho yanachoka. Halafu, ghafla, nchi ikakatika. Ndugu zangu, sijui niseme vipi. Basi lilipinda kona, na mbele hapakuwa na kilima tena, palikuwa na shimo la dunia nzima: tambarare iko chini kabisa, ya rangi ya simba, maziwa madogo yanang'aa kama sarafu zilizodondoka, na milima ya Kongo imelala nyuma ndani ya moshi. Nikasema Subhanallah kwa sauti. Mama aliyekuwa pembeni yangu, Mkristo, akasema amina.

Saa tisa nikateremka kwenye kijiji cha Kyambura. Zaitun alikuwa amesimama kando ya barabara, sare ya kijani, buti, kofia. Nilitaka kulia, lakini nikatazama chini kwanza.

"Viatu vina vumbi."

"Jjajja, huku ni vumbi tu. Nikipangusa hili, lile linaingia."

"Babu yako angekufukuza kazini."

Akanikumbatia, akaingiza pua yake kwenye mtandio wangu, akakaa hivyo muda mrefu. "Nimekosa harufu ya nyumbani," akasema. Hakusema lingine. Baadaye tulikumbushana dakika ile, sote wawili, kwa aibu.

Asubuhi ya pili, Zaitun alitangulia kazini. Aliniambia kwamba siku hiyo ni yake: mkubwa wao, Bwana Tumusiime, atamtazama akiongoza wageni mwanzo mpaka mwisho, ndipo aandike ripoti. Mimi nikabaki chumbani kwake nikajiandaa. Na kwa kuwa siku ilikuwa kubwa, nikachukua kile chetezo kidogo nilichokuja nacho, nikajifukiza upya. Na waridi nikaongeza.

Saa mbili nilikuwa ukingoni mwa korongo pamoja na wageni wengine. Walikuwepo wazungu watatu vijana, na mwalimu mmoja wa Kisumu na mkewe, watu wacheshi, tukasikizana Kiswahili mara moja. Mwalimu akaniuliza, "Mama, na wewe unashuka huko?" Nikachungulia. Wewe unayesoma hapa, fikiria hivi: umesimama kwenye nyika kavu, nyasi na miti ya miiba, na miguuni pako ardhi imepasuliwa kwa panga. Chini kuna msitu mzima umejificha, miti mikubwa unaitazama vichwani kama unavyotazama watu ukiwa ghorofani, na chini zaidi mto unasikika lakini hauonekani. Ngazi za udongo zinateremka kando ya ukuta, zimelowa.

"Nashuka," nikamwambia. "Nimezaa watoto saba."

Zaitun akasimama mbele yetu, akaanza kusoma sheria. Bwana Tumusiime alisimama nyuma na daftari, mzee mnene wa sharubu, hasemi kitu. Mimi nilikuwa nasikiliza na kichwa kimeinuka. Anayeumwa mafua asishuke, kwa sababu sokwe wanaambukizwa kama sisi. Nikasema sawa. Tukiwakaribia tuvae barakoa na tukae mbali nao. Sawa. Hakuna kupiga kelele, hakuna kukimbia, hakuna kutoka kwenye njia, hakuna kuchuma hata jani. Unachoingia nacho unatoka nacho. Chakula hakishuki kabisa. Hapo nikakitazama kikapu changu, nikampa mama mmoja wa kazi aliyekuwa karibu, ufagio mkononi, anaitwa Kyomuhendo, aniwekee. Hiyo nayo sawa.

"Na mwisho," akasema Zaitun, "juu ya daraja la magogo nyuki wamejenga kwenye tundu la mti. Hawana shida na mtu wakiachwa. Lakini marashi makali yanawaita. Kwa hiyo nitapita kwa kila mmoja."

Akapita. Kwa wazungu. Kwa mwalimu na mkewe. Alipofika mita mbili kutoka kwangu nikaona uso wake unabadilika. Alisimama.

"Jjajja," akasema polepole, "wewe hushuki."

Nikadhani anatania. "Nani hashuki?"

"Wewe. Udi umeingia mpaka kwenye nywele. Kosa ni langu pia, nilipaswa kukuambia jana. Lakini hushuki."

Damu ilinipanda mpaka kichwani. Mbele ya wageni! Mimi niliyemfunga nepi! Nikamwambia, "Zaitun, nimepanda basi saa tisa nzima. Nimekuja kukuangalia wewe, si nyuki."

Mke wa mwalimu akaona huruma. "Si mumwache tu bibi wa watu atembee nyuma kabisa?"

Na Bwana Tumusiime, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akafunga daftari. "Zaitun," akasema, "ni mama mzee, ametoka Kampala. Leo tu. Mwache ashuke."

Mimi nilikuwa nimeshashinda, nikaanza kukunja baibui tayari kwa ngazi. Lakini nikamtazama yule mtoto. Mikono alikuwa ameibana nyuma, kama babu yake alivyokuwa akisimama mbele ya wakubwa, na macho yalikuwa yamejaa maji, lakini kidevu hakikutetemeka.

"Mzee," akamwambia mkubwa wake, "nyuki wakishuka hawatamchagua Jjajja yangu. Watauma watu wote sita, na daraja ni la mtu mmoja mmoja, hakuna pa kukimbilia. Nikimruhusu yeye, sheria niliyowasomea hawa wengine ni ya nini? Hashuki."

Akageuka. Akawapanga wageni, akahesabu vichwa, wakashuka. Bwana Tumusiime akawafuata. Kofia ya kijani ikazama taratibu kwenye ukingo, na mimi nikabaki.

Kwa nusu saa nilikuwa na hasira ya kupika chungu. Nilikaa kwenye benchi la wageni, chini ya mti, natazama vichwa vya miti. Kyomuhendo alikuwa anafagia majani kwenye njia, haniulizi kitu, ananicheka pembeni. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Zaitun akipanda, na maneno yalikuwa mazuri sana, nikamkumbuka na Hajati Salama nikajua atasema nini akisikia: umekwenda mpaka huko umefukuzwa na mjukuu wako.

Mara nyuki mmoja akaja. Akazunguka mtandio wangu, nikampungia. Wakaja wawili. Halafu watano. Halafu sikuhesabu tena, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimekuwa mzinga.

"Usipunge!" Kyomuhendo akapiga kelele. "Usipunge, maama! Njoo!"

Mimi na magoti yangu haya, watu wangu, nilikimbia. Baibui nimelishika mpaka magotini, kiatu kimoja nimekiacha kwenye benchi, nikaingia kwenye kibanda cha mlinzi kama risasi. Kyomuhendo akafunga mlango nyuma yangu, akafunga dirisha, akaziba pengo la chini kwa kitambaa cha kupangusia. Nje walikuwa wanagonga kioo, tii, tii, tii. Nilikuwa nimeumwa mara mbili tu, mmoja sikioni, mmoja hapa kwenye paja, usiulize aliingiaje.

Tulikaa humo ndani mpaka wakatulia. Kyomuhendo alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Maama," akasema, "ungekuwa kwenye daraja?"

Nilikuwa naliona lile daraja ambalo sijaliona. Naona mwalimu na mkewe juu ya gogo. Naona Zaitun wangu mbele, anageuka nyuma, anawaona wote, na mimi katikati na udi wangu.

Saa tano walipanda, wamelowa jasho, wanacheka, wazungu wekundu kama nyanya. Walikuwa wamewaona sokwe. Zaitun akanikuta nimekaa kwenye ngazi ya kibanda, sikio limevimba kama andazi. Akakimbia, akapiga magoti.

"Jjajja! Nini?"

Yale maneno mazuri niliyotunga yote yalikuwa yamekimbia. Nikamwambia, "Ulisema kweli."

Akaanza kulia pale pale. Nikamwambia afute machozi, askari halii akiwa kazini. Tukafungua kikapu, wageni wote wakala sambusa ukingoni, na Bwana Tumusiime alikula nyingi kuliko wote. Mimi mpaka leo nasema alikuwa anampima Zaitun aliposema niachwe nishuke. Zaitun anasema hapana, mzee alikuwa ameona sambusa.

Mchana huo kazi ilikuwa kunitoa udi. Bwana Tumusiime alikubali nishuke kesho yake, nikishakuwa sinuki kitu. Kyomuhendo akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Sabuni ya kipande isiyo na manukato, mara tatu. Nywele nikaziosha kwa majivu, kama mama yangu alivyokuwa akiosha wakati wa shida, nikasuuza, nikarudia. Nguo zangu zote zilikuwa hazifai, hata soksi. Nikamwambia Zaitun anipe sare yake moja.

"Sare raia havai, Jjajja. Ni kosa."

"Na hiyo nayo ni sheria?"

"Na hiyo nayo ni sheria."

Miaka thelathini nilipiga pasi sare za marehemu, nikikunja mistari ya mikono mpaka inakata, wala siku moja sikujaribu hata kofia. Nikacheka. Kyomuhendo akaniazima ovaroli yake ya kufagilia, gamubuti za mpira, na kitenge chake nikakifunga juu kwa heshima, kingine nikajifunika kichwa. Tangu nizaliwe sijavaa kitu chenye miguu miwili. Nilijiona kama fundi bomba anayekwenda kuposa.

Asubuhi ya tatu Zaitun alisoma sheria zile zile, kwa wageni wengine, kwa sauti ile ile. Akapita na kunusa. Alipofika kwangu aliinama mpaka shingoni, akanusa kushoto, akanusa kulia, hakuharakisha.

"Majivu tu," akasema. "Shuka."

Nikashuka. Ngazi zilikuwa zinateleza, nikazishuka kwa makalio pale ilipobidi, sioni aibu kusema. Jua likabaki juu, ikaja baridi ya chumba cha ndani, harufu ya udongo na majani yanayooza, ndege sijui wako wapi wanaita. Chini mto ni wa rangi ya chai ya maziwa, na viboko wamejaa humo, wanatoa pua na kuguna kama wazee msikitini hotuba ikiwa ndefu. Kwenye daraja nikapita peke yangu, mikono kwenye kamba. Juu ya kichwa changu niliwasikia. Sauti moja nene, haipandi haishuki, kama chungu kinachotokota. Hakuna hata mmoja aliyenishukia. Sikuwa na kitu walichokitaka.

Tulitembea zaidi ya saa nzima, halafu Zaitun akainua ngumi, wote tukasimama kama tumegandishwa. Tukavaa barakoa. Akaonyesha juu kwa macho tu. Kwenye tawi la mkuyu alikaa sokwe jike mzee, kifua kimeanguka, anakula matunda, na mtoto mdogo anamvuta mkono wa kula. Alimsukuma. Mtoto akarudi. Alimsukuma tena, kisha akatoa tunda mdomoni mwake mwenyewe akampa. Nikacheka ndani ya barakoa bila sauti, maana sheria ni sheria. Mzungu mmoja alisogea hatua moja mbele na simu yake. Zaitun alinyoosha mkono tu, na jitu lile refu likarudi nyuma kama mtoto wa madrasa.

Nikamtazama mjukuu wangu wakati wenzangu wanatazama sokwe. Nilichokuja kuona nilikiona hapo.

Siku ya kurudi Bwana Tumusiime alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea kikapu kitupu. "Mama," akasema, "ripoti nimeshapeleka. Huyu haendi popote." Zaitun alikuwa amesimama pembeni anajidai hasikii. Buti zilikuwa zinang'aa. Vumbi lilikuwepo, lakini zilikuwa zinang'aa. Basi lilinichukua saa nne asubuhi, nikalala njia nzima, hata Ikweta sikuiona, na kondakta hakuuliza habari ya arusi.

Kampala nilifika jioni, adhana ya magharibi inashuka kutoka kilimani. Kesho yake sikungoja Hajati Salama aje. Nikamkuta uani na wanawake wenzake, nikasema kabla hajafungua kinywa: "Zaitun hachungi nyani wala sokwe. Sokwe wanajichunga. Anachunga watu." Nikawasimulia yote, na la kufukuzwa sikulificha, na la nyuki sikulificha, hata lile la paja. Walicheka mpaka majirani wa ghorofani wakachungulia. Mimi nilijifunza kwamba nilimlea yule mtoto asitishwe na mkubwa yeyote, halafu nikashangaa siku mkubwa alipokuwa mimi.

Wiki iliyopita Hajati alikuja jioni, peke yake, mpole, amejipaka asumini tangu kichwani mpaka kwenye kisigino, akauliza kama nina mpango wa kwenda tena na kama atapata nafasi ya kufuatana nami. Nikamkaribisha kiti. Nikamwinamia shingoni, nikanusa kushoto, nikanusa kulia.

"Hajati," nikamwambia, "wewe hushuki."